Utepe wa Kupimia

Mwalimu Kyungu ameniazima dunia yake ya darasani,
ile ya plastiki yenye ufa baharini.
Nimeiweka juu ya cherehani, kati ya mkasi na chaki,
nikaipangusa vumbi la Kamalondo kwa kipande cha bitana.

Kidole cha kushoto Lubumbashi. Haikuandikwa;
nilikisia, chini kidogo ya neno KONGO,
pale wino ulipobanduka.
Kidole cha kulia Montreal.
Utepe ukalala juu ya Sahara, ukavuka maji:
sentimeta ishirini na tisa na nusu.

Nilicheka peke yangu.
Huo si mkono wa koti la mtoto
aliyeanza juzi tu kukimbia?
Nimekata mikono ya namna hiyo mamia,
sikumlilia mtu.

Mwalimu akaandika pembeni mwa daftari la mahudhurio:
kila sentimeta, kilometa mia nne.
Zidisha. Elfu kumi na moja na mia nane.
Gawanya kwa mwendo wa ndege. Saa kumi na tatu, Mama Numbi,
unalala, unaamka, umefika.
Halafu akavua miwani:
ila hakuna ndege inayokwenda hivyo.
Kuna Addis, kuna viti vya chuma vya kungojea,
kuna Ulaya, na viti vingine.
Tiketi inasema saa thelathini na tisa.

Mimi nina hesabu yangu, sikumpa aiandike.
Kamina hadi hapa, kwa treni, mwaka ule:
siku tano.
Injini ilikufa Tenke, tukasonga bukari kando ya reli siku mbili,
na Numbi tumboni, miezi saba,
akipiga teke kila breki iliposhikwa.
Nimeipima nayo, leo, juu ya plastiki.
Sentimeta moja na nusu.
Upana wa pindo.

Pale Luano mizani ilikataa.
Kilo tatu zimezidi, alisema kijana wa mizigo
bila kututazama,
na Numbi akapiga magoti mbele ya watu, akafungua sanduku,
akanirudishia unga wa muhogo.
Nikarudi nao kwa pikipiki, nimeukumbatia,
kanga yangu yote nyeupe kifuani.
Jioni tukausonga. Wakati tunanawa mikono
mdogo wake akasema, sasa yuko juu ya Kenya.
Si Kenya yetu ya sokoni, ile nyingine.
Hakuna aliyecheka. Bukari ilikuwa laini sana.

Saa thelathini na tisa:
sketi kumi na moja za kwaya ya Katuba,
umeme kukatika mara nne,
na suruali moja niliyoishona mguu wa kushoto mara mbili.

Simu ililia jogoo wa jirani akiwika.
Mama, nimefika.
Kwake ilikuwa bado usiku wa jana.
Amefika jana, nami nimempokea leo;
hapo katikati sijui tuliwekwa wapi.
Nikauliza alichokula. Nikauliza baridi.
Akanyamaza kidogo, kama mteja
anayeogopa kumuudhi fundi.
Koti ni zuri, Mama. Mikono tu, imekuwa mifupi.
Baridi inaingia hapa, kwenye kifundo.

Mifupi kiasi gani?

Labda sentimeta mbili.

Nikaitazama ile dunia juu ya cherehani. Mia nane.
Nikamwambia: tafuta wembe, geuza mkono nje ndani,
fumua pindo polepole, usivute uzi.
Nimekuachia kitambaa humo,
sentimeta moja na nusu.

Hiyo nusu nyingine
bado ninaifikiria.